Pointi nyingi si ushindi: wazazi na matokeo ya kidato cha nne

Matokeo yakitoka, wazazi wa Nkuhungu na Chang'ombe hapa Dodoma huja na simu mkononi wakiomba wasomewe. Inaniuma kuona mtoto anasemwa vibaya, au anasifiwa, kwa hesabu iliyosomwa kichwa chini miguu juu.

"Wa jirani kapata pointi 15, wangu 28. Wangu kamzidi."

Ni kinyume chake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kisha pointi zinajumlishwa. Mwenye A saba ana pointi 7, na hakuna aliye juu yake. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri.

"Aliyepata divisheni foo kaachwa mbali na wa three."

Si lazima. C inaanzia alama 45, D ni 30 hadi 44. Chukua binti mwenye C mbili na D tano: pointi 26, daraja la nne. Kama Jiografia alipata 44, alama moja tu ingeigeuza D hiyo kuwa C, pointi zikawa 25, naye akawa daraja la tatu. Tena mwenzake aliyepata 30, aliyeponea chupuchupu kuangukia F, ameandikiwa D ileile. Baraza la Mitihani hutangaza herufi, si alama. Ndiyo maana nawasihi wazazi waulize shuleni alama za moko, yaani mtihani wa majaribio, na za mihula, somo kwa somo. Huko ndiko utajua kama mtoto alikuwa anakaribia C au anaporomoka.

"Chini ya nusu ni kufeli."

Hapana. Hata darasa la saba, masomo sita ya alama 50 kila moja hufanya 300, na jumla ya 121 tayari ni C.

"Wangu ni wa kwanza darasani, sina wasiwasi."

Nafasi inapima wenzake. Wa kwanza mwenye wastani wa 38 bado yuko kwenye D. Baraza lenyewe liliacha kutangaza kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, na naliunga mkono kabisa.