Pumu ya ngozi: krimu haisukumi ugonjwa kifuani

Kuanzia Mikindani mpaka Newala, mama akirudi na tyubu ya haidrokotisoni, krimu ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi (ukurutu), hakosi bibi wa kumwambia: "Mwanangu, usiizuie hiyo, iache itoke. Ukiipaka dawa inarudi ndani, inageuka pumu ya kifua." Siku ya tatu tyubu imefichwa juu ya kabati. Wiki mbili baadaye mtoto analetwa amejikuna mpaka vidonda vinatoa maji.

Hakuna kinachorudi ndani. Ukurutu si sumu inayotafuta pa kutokea. Ngozi ya mtoto huyu imezaliwa na kinga dhaifu kwa nje: maji yanapotea upesi, sabuni, vumbi na bakteria wanapenya, mwili unajibu kwa uvimbe na muwasho. Ni kweli baadhi ya watoto hawa hupata pumu baadaye, na hapo ndipo bibi anapopata ushahidi wake. Lakini ukurutu, pumu na mafua ya mzio hutembea katika familia zilezile. Ngozi hutangulia mtoto akiwa na miezi tu, kifua hufuata. Wapo wanaopata pumu bila kupakwa hata tone.

Hofu ya steroidi yenyewe haikuzuka hewani. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, iliyo kwenye ngazi ya juu kabisa ya ukali, na watu wanaipaka usoni miaka na miaka. Haidrokotisoni ya asilimia 1 iko ngazi ya chini kabisa. Si dawa moja.

Kinachoharibu matibabu ni kupaka kiduchu. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha hadi mkunjo wa pingili ya kwanza. Hiyo ni nusu gramu hivi, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Usoni tumia haidrokotisoni; mwilini, ngozi ikishakuwa nene, daktari anaweza kuandika betamethasoni ya asilimia 0.1, steroidi yenye nguvu zaidi. Paka mara moja au mbili kwa siku mpaka ngozi iwe laini, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Muwasho kutulia si kupona. Na kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu, papasa: pakikwaruza, uvimbe bado upo. Baka jeupe au jeusi linalobaki mara nyingi ni alama ya uvimbe wenyewe, hufifia baada ya miezi. Krimu inasingiziwa.

Bila mafuta, yote hayo ni kazi bure. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevunyevu, kisha subiri kama nusu saa kabla ya krimu. Mtoto aliyeenea ukurutu mwilini anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Kikopo cha gramu 50 kinachodumu miezi miwili ni mapambo.

"Ni uchafu, msugue." Weka dodoki chini, na hiyo sabuni ya dawa pia. Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, basi.

"Ni fangasi." Fangasi hutengeneza duara lenye ukingo unaokua. Ukurutu wa mtoto mkubwa hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili. Krimu za mchanganyiko wa dawa tatu (steroidi, ya fangasi na ya bakteria) zinafunika dalili tu, fangasi anaenea chini kwa chini.

"Amwachishe samaki na mayai." Kwa lipi? Kama hakuvimba midomo wala kuota vipele muda mfupi baada ya kula, mwache ale.

"Inaambukiza." Haiambukizi. Ila magamba ya rangi ya asali ni bakteria, na vilengelenge vidogo vinavyofanana, vyenye kitundu katikati, pamoja na homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na wale wanaopaka mafuta ya maganda ya korosho ili upele ukauke: mafuta hayo yana asidi inayounguza hata ngozi isiyo na ugonjwa, waulizeni wabanguaji wa korosho. Mwenye ukurutu akilazimika kubangua, avae glavu, na zikitoboka azibadilishe palepale, kwa sababu mafuta yakishaingia ndani yanakaa yanaunguza.