Je, wajua kwa nini seva ya barua pepe huweza kujitumia barua yenyewe?

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha korosho chenye ofisi kuu Mtwara mjini na tawi Lindi. Seva ya Mtwara ndiyo yenye visanduku vya barua vya wafanyakazi wote, na ile ya Lindi imewekwa kama akiba, ili ipokee barua wakati ya Mtwara haipatikani. Msimu wa minada umeme unakatika Mtwara, na badala ya barua kutulia Lindi zikisubiri, foleni ya seva ya Lindi inaanza kuvimba, laini ya intaneti inaelemewa, na barua moja ya mnunuzi inaonekana kwenye kumbukumbu za seva zaidi ya mara ishirini, ilhali mnunuzi mwenyewe aliituma mara moja tu.

Seva inayotaka kupeleka barua kwenye kikoa fulani, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani ya barua pepe, huuliza kwanza mfumo wa majina ya vikoa, nao huijibu kwa rekodi za MX, yaani orodha ya seva zinazopokea barua za kikoa hicho, kila moja ikiwa na namba yake ya upendeleo. Namba ndogo hutangulia. Katika mfano wetu Mtwara ina 10 na Lindi ina 20. Mwezi Januari 1986, Craig Partridge aliweka katika waraka wa RFC 974, mmoja wa nyaraka zinazoeleza taratibu za intaneti, kanuni ambayo imeendelezwa hadi RFC 5321 ya mwaka 2008: seva ikijikuta kwenye orodha hiyo, na ijiondoe pamoja na zote zenye namba sawa na yake au kubwa kuliko yake, kisha ijaribu zilizobaki tu. Kwa kanuni hiyo barua husafiri upande mmoja, kuelekea namba ndogo, kama maji ya Ruvuma yanavyoelekea baharini wala hayarudi nyuma.

Kanuni ni nzuri, lakini inadai kwamba seva ijitambue, na hapo ndipo mashine yenye anwani ya mtandao zaidi ya moja hupotea. Tuseme seva ya Lindi inajulikana ndani ya ofisi kwa 192.168.1.10, huku rekodi za nje zikiitaja kwa 203.0.113.25. Mara nyingi anwani hiyo ya pili haipo kwenye mashine kabisa. Inakaa kwenye ruta, ambayo hupokea mawasiliano kutoka nje na kuyaelekeza ndani. Seva ikisoma orodha ya MX inaiona 203.0.113.25 kuwa ni ya mwingine. Inajaribu Mtwara, inashindwa, kisha inaipeleka barua kwenye namba 20; ruta nyingi huipokea na kuirudisha kwa seva ileile, nayo huipokea kama barua mpya. Ni sawa na karani ambaye ofisi yake ina masanduku mawili ya posta, naye anajua moja tu: kila barua yenye namba ya S.L.P. asiyoijua huirudisha posta, na posta huileta tena mezani kwake.

Kinachoukatisha mzunguko huo ni alama ambazo kila seva huacha juu ya barua, mistari inayoanza na neno Received. Programu ya barua inayoendesha seva huihesabu: kwa mpangilio wake wa awali Sendmail huvumilia 25, na Postfix 50, kisha barua hukataliwa na kurudishwa kwa mtumaji. Wapo wanaokimbilia kuongeza kikomo hicho. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu hakitibu chochote. Kinairefushia barua safari ileile.

Hatua ya kwanza ni kuzizuia barua zilizo kwenye foleni bila kuzifuta. Katika Postfix amri ya postsuper -h ALL hufanya kazi hiyo. Kisha soma mistari ya Received kuanzia chini kwenda juu. Jina moja likijirudia, seva inajitumia yenyewe. Majina mawili yakipokezana, seva mbili zinarushiana barua. Baada ya hapo linganisha mambo matatu: anwani zilizo kwenye mashine, ambazo amri ya ip addr huzionyesha; anwani ambazo rekodi za MX zinaelekeza; na anwani ambazo programu ya barua imeambiwa kuwa ni zake. Katika Postfix anwani za kadi za mtandao za mashine hutajwa kwenye inet_interfaces, na ile ya ruta kwenye proxy_interfaces. Mpangilio wa inet_interfaces ukibadilishwa, programu lazima isimamishwe na kuwashwa upya, kwani kuisomesha mipangilio peke yake hakutoshi.

Lipo kosa moja linalonisikitisha zaidi, kwa sababu linafanana na tiba. Fundi huongeza kikoa cha ofisi kwenye mydestination ya seva ya Lindi, mzunguko unakoma, naye anaondoka akiamini kazi imekwisha. Lakini mpangilio huo unaiambia seva kwamba hapo ndipo mwisho wa safari ya barua, na Lindi hakuna visanduku vya wafanyakazi; barua zitakataliwa moja baada ya nyingine kwa kisingizio kwamba mpokeaji hajulikani. Kikoa kinastahili kuwa kwenye mydestination ya Mtwara, na seva ya Mtwara ikilalamika kwa maneno "loops back to myself", huenda ndiyo iliyokosa kikoa hicho kwenye orodha yake. Kwa Lindi kikoa huwekwa kwenye relay_domains, yaani orodha ya vikoa ambavyo seva hupokea barua zake ili kuzipitisha mbele, na anwani ya ruta kwenye proxy_interfaces.

Seva ya Lindi ikishajitambua hivyo, na barua zilizozuiwa zikaachiliwa, hujiondoa kwenye orodha na kubaki na Mtwara peke yake. Huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena kila baada ya muda, kwa siku tano kama mpangilio wa awali wa Postfix haukubadilishwa, na umeme ukirudi Mtwara barua ya mnunuzi huingia kwenye kisanduku cha mfanyakazi aliyeandikiwa mara moja tu.