Mizania ya nishati haina maana kwamba joto la Dunia halibadiliki

"Dunia ina mizania yake ya nishati, itajirekebisha yenyewe." Kauli hii imenichosha masikio, tena hutoka kwa watu waliosoma, na ikishatamkwa mjadala huonekana umefungwa. Kwamba mizania ipo, ni kweli. Tatizo ni hayo marekebisho: msemaji anadhani ni kurudi kwenye joto lile lile la zamani.

Mizania ya nishati ni hesabu ya nishati inayoingia duniani kutoka kwenye Jua na ile inayotoka kwenda anga za juu. Zikilingana, wastani wa joto hutulia. Inayoingia ikizidi, Dunia hupata joto. Inayotoka ikizidi, hupoa. Maana ni hiyo tu.

Hesabu yake inaenea kwenye karatasi moja. Jua hutuletea takribani wati 1361 kwa kila mita ya mraba inayolitazama moja kwa moja. Dunia huupokea mwanga huo kwa upana wa duara, lakini uso wake ni wa tufe, na uso wa tufe ni mara nne ya eneo la duara lake. Wapo wanaogawa kwa mbili, wakihesabu mchana na usiku peke yake. Wanasahau kwamba hata mchana, sehemu nyingi hupigwa na Jua kimshazari. Gawa kwa nne, unapata 340. Kama asilimia 30 huakisiwa, hasa na mawingu na barafu, zinabaki wati 238 hivi. Sasa upande wa kutoka: kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, mionzi hukua kwa kipeo cha nne cha joto, likipimwa kwa kelvini, yaani nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri kamili. Ukitafuta joto linalotoa wati 238, unaangukia kelvini 255, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hapo wengine hucheka, kwa kuwa wastani wa joto la uso wa Dunia ni kama nyuzi 15. Wasicheke. Hizo kelvini 255 ni joto la Dunia inavyoonekana kwa anayeitazama kutoka mbali. Sehemu kubwa ya mionzi ya joto inayofanikiwa kutoka haitoki ardhini moja kwa moja; mvuke wa maji na hewa ukaa huimeza njiani na kuitoa upya, hivyo kwa wastani ni kama inaondokea kilomita 5 hivi juu, mahali penye baridi ya namna hiyo.

Ongeza hewa ukaa, na kimo hicho hupanda hadi kwenye baridi zaidi. Penye baridi hutoa mionzi michache. Hewa ukaa ikiwa maradufu, kinachotoka hupungua kwa karibu wati 4 kwa kila mita ya mraba. Uso na hewa ya chini hupata joto mpaka zile wati 238 zitimie tena. Wanaosema joto "linafungiwa lisitoke" nao wanakosea hapa: mwishoni kinachotoka ni kile kile. Mizania imerudi bila kasoro, ila ardhini nyuzi zimepanda.

Sayari ya Zuhura pia ina mizania. Huakisi kama robo tatu ya mwanga, kwa hiyo ingawa iko karibu zaidi na Jua, kila mita ya mraba yake hubakiza nishati kidogo kuliko yetu. Hata hivyo, uso wake una nyuzi zaidi ya 450.

Na mwaka 1969 wanasayansi wa hali ya hewa, Mikhail Budyko huko Urusi na William Sellers wa Marekani, kila mmoja kivyake, waliiongezea hesabu hii barafu. Barafu huakisi mwanga. Mwanga ukiakisiwa Dunia hupoa. Ikipoa barafu hutanda zaidi. Matokeo yake ndiyo ninayotamani kila mtu ayajue: kwa Jua lile lile, hesabu inakubali Dunia kama hii yetu, na inakubali vilevile Dunia iliyoganda kote, kuanzia ncha hadi ikweta. Zote mbili zina urari. Kwa yenyewe, mizania haina Dunia inayoipendelea.

Halafu kuna jambo la leo. Kwa sasa kinachoingia kinazidi kinachotoka kwa takribani wati 1 kwa kila mita ya mraba, na karibu asilimia 90 ya ziada hiyo inaingia baharini. Bahari hupata joto polepole, ndiyo maana pengo haliwezi kuzibwa haraka. Kwa hiyo, tukizungumzia Dunia ya sasa, ni salama zaidi kusema mizania yake imelalia upande wa kuingia, na kwamba bado inatafuta itulie kwenye nyuzi ngapi.