Vipimo vikigoma, kosa ni la nani?

Nafundisha falsafa ya sayansi, na wanafunzi wengi wanakuja wameshamsoma mwanafalsafa Karl Popper juujuu, wanakwambia mambo ni rahisi tu, nadharia ikipingana na vipimo unaitupa, basi. Huwa nawapeleka kwa Mfaransa mmoja, mwanaastronomia Urbain Le Verrier.

Miaka ya 1840 sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zinapotaka ipite. Kwa sheria ya wanafunzi wangu Newton alitakiwa afungashe virago. Le Verrier akasema hapana, kuna sayari nyingine inaivuta, akapiga hesabu iko wapi, akaandika barua Berlin, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mwanaastronomia wa huko, Johann Galle, akaelekeza darubini akaikuta, tofauti haifiki hata digrii moja. Ndiyo Neptune hiyo.

Sasa 1859 jamaa yuleyule anaona sayari ya Utaridi (Mercury) nayo ina vituko, njia yake ya kulizunguka Jua inageuka kuzidi hesabu kwa kama sekunde 38 za pembe kwa karne nzima (digrii moja ina sekunde 3600, yaani ni kitu kidogo mno). Akarudia dawa ileile, kuna sayari huko karibu na Jua. Daktari mmoja wa kijijini, Lescarbault, akadai ameiona ikipita mbele ya Jua, Le Verrier akamfuata mpaka kwake kumhoji, na inasimuliwa kwamba daktari alikuwa anaandika mahesabu yake kwenye mbao, zikijaa anazipiga randa anaanza upya! Akamwamini hivyohivyo. Ikapewa jina Vulcan, watu wakaitafuta miaka na miaka, wapi. 1915 Einstein akaonyesha safari hii mwenye kasoro ni Newton mwenyewe.

Mbinu moja, matokeo mawili, na mwaka 1859 hakuna mwanafalsafa ambaye angemwambia Le Verrier kwa uhakika aache. Pierre Duhem, mwanafizikia na mwanafalsafa wa Kifaransa, alishalieleza hili 1906: nadharia haipimwi peke yake, inapimwa pamoja na mambo kibao tuliyoyakubali kimyakimya, kama idadi ya sayari au ubora wa darubini, kwa hiyo vipimo vikigoma unajua humo ndani kuna kosa ila hutajiwi la nani.

Popper mwenyewe hili alilijua, ni wafuasi wake wa mtandaoni ndio wamelisahau. Kuiokoa nadharia kunaruhusiwa, ilimradi wokovu wenyewe nao uweze kupimwa, na kwa kigezo hicho Vulcan ilikuwa sayansi halali kabisa, ilikuwa tu haipo.