Mpiga Picha Nyuma ya Mstari wa Mwisho: Dhana Potofu na Ukweli

Uwanja wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari Marekani una urefu wa futi 84 na upana wa futi 50, yaani takriban mita 25.6 kwa 15.2. Kumbi nyingi za shule zilijengwa kwa bajeti ndogo, kwa hiyo ukuta huanza hatua chache tu baada ya kikapu. Katika kipande hicho cha sakafu watu watatu hugombania nafasi: mchezaji anayekuja kwa kasi kufunga, mwamuzi anayesogea kando ya mstari wa mwisho, ule ulio nyuma ya kikapu, huku macho yakiwa kwenye mchezo, na mpiga picha aliyeketi chini akiwa ameziba jicho moja kwa kamera. Ugomvi mwingi unaozuka hapo unatokana na kutojua nani ana mamlaka gani. Yafuatayo yanafuata kanuni za NFHS, shirikisho linaloandika kanuni zinazotumika katika majimbo mengi ya nchi hiyo.

Dhana: Mpiga picha akisumbua, refa anamtoa ukumbini.

Ukweli: Mwamuzi hana kazi ya kufukuza watu wasio wachezaji, makocha au watu wa benchi. Kanuni ya 2-8 inaweka jukumu la watazamaji mikononi mwa uongozi wa wenyeji. Kazi ya waamuzi ni kusimamisha mchezo hadi uongozi huo umalize tatizo na mchezo uweze kuendelea kwa utaratibu. Na kama shule haikuteua mtu wa kuiwakilisha, yaani msimamizi wa mchezo, kocha wa timu mwenyeji ndiye anayehesabiwa kuwa uongozi. Kipengele hiki husahaulika sana, nacho ndicho kinachomwokoa mwamuzi usiku ambao msimamizi haonekani popote.

Mamlaka ya waamuzi huanza wanapofika uwanjani, angalau dakika 15 kabla ya muda wa kuanza. Dakika hizo ndizo za kumaliza suala la wapiga picha, kabla joto la mchezo halijapanda. Ulizia msimamizi wa mchezo ni nani na atakaa wapi. Tembea nyuma ya mistari yote miwili ya mwisho. Ukiona begi, kigoda au waya, mwambie msimamizi na si mwenye vitu. Ukimweleza mwenye kamera moja kwa moja, umeshaingia kwenye mabishano ambayo si yako, na wazazi walio jukwaani wanakutazama.

Tatizo likizuka mchezo ukiendelea, subiri mpira ufe, yaani mchezo usimame wenyewe. Filimbi ya katikati ya shambulizi inainyima timu pointi kwa kosa la mtu ambaye hata si wa kwao. Hali inayoruhusu kupuliza mpira ukiwa hai ni hatari: mchezaji ameumia na anahitaji kulindwa. Mpira ukishakufa, nenda mezani, muite msimamizi, na umpe maelezo mafupi yanayotekelezeka: "Naomba yule mwenye koti jekundu ahamie kwenye kona, begi lake litoke kabisa nyuma ya mstari. Tukishamaliza hilo, tunaendelea." Simama na wenzako mbali na mpiga picha hadi asogee. Mchezo unarudi pale ulipokatizwa.

Dhana: Akiwa nje ya mstari, yuko mahali salama.

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu. Kanuni inataka angalau futi 3 za nafasi isiyo na kizuizi nje ya mistari, na inapendekeza futi 10. Futi 3 ni sentimita 91. Mtu mzima akikunja miguu chini anakaribia kuimaliza nafasi hiyo peke yake, na lenzi ya milimita 70-200 bado inatokeza zaidi ya sentimita 20 mbele ya uso wake. Msimamo wetu hapa ni mkali: ukumbi wenye futi 3 tu nyuma ya mstari wa mwisho hauna nafasi ya mpiga picha pale. Apande jukwaani.

Penye nafasi ya kutosha, hesabu inaonyesha wapi akae. Eneo la rangi chini ya kikapu lina upana wa futi 12, kwa hiyo kila mstari wake uko futi 6 kutoka katikati ya mstari wa mwisho. Tangu msimu wa 2023-24, kwa makosa mengi yanayotokea upande wa mashambulizi, mpira hurushwa ndani kutoka mojawapo ya sehemu nne: mbili ziko kwenye mistari ya pembeni, katika alama iliyo futi 28 kutoka mstari wa mwisho, na mbili ziko kwenye mstari wa mwisho, futi 3 nje ya mstari wa eneo la rangi. Hizo za mwisho ziko futi 9 kutoka katikati. Sehemu ya kurushia yenyewe ina upana wa futi 3, kwa hiyo inafika futi 10 na nusu. Upana wote kutoka katikati hadi kona ni futi 25. Basi mpiga picha asianze kukaa kabla ya kama futi 12, na kadiri anavyokaribia kona ndivyo anavyowapisha wote: mrushaji, mwamuzi, na mfungaji anayeteleza baada ya kuruka.

Mwamuzi wa mstari wa mwisho hasimami sehemu moja. Mpira ukihamia upande wa pili, naye huvuka nyuma ya kikapu kuufuata, akitazama wachezaji na si sakafu. Begi lililoachwa hapo linamwangusha. Hata asipoanguka, mwamuzi anayejua kuna miguu ya watu nyuma yake huanza kuchelewa kuvuka, na akichelewa anakosa kuona kusukumana kwa upande wa pili. Kocha atalalamika kuhusu faulo isiyopigwa, wala hatajua chanzo kilikuwa begi.

Kuhusu kuumia, hata viwanja vikubwa havijasalimika. Katika mchezo wa nne wa fainali za NBA, Juni 2015 mjini Cleveland, LeBron James aliangukia kamera nyuma ya mstari na kupasuka kichwani. Ule ni ukumbi wenye nafasi na wapiga picha wazoefu.

Kwa hiyo anayeruhusiwa kukaa aketi miguu ikiwa imekunjwa, asiinyooshe kamwe mbele. Asitumie kigoda cha chuma wala kusimamisha kamera kwenye miguu mitatu. Begi likae chini ya jukwaa. Mchezaji akimjia, ashushe kamera kutoka usoni, aivutie kifuani na ajilaze upande. Anayekurupuka kusimama ndiye anayegongana kichwa kwa kichwa.

Dhana: Mchezaji mwenye mpira akimgusa mpiga picha, ametoka nje.

Hata baadhi ya waamuzi hulikosea hili. Mchezaji yuko nje anapogusa sakafu, au kitu chochote ambacho si mtu, kwenye mstari au nje yake. Akidunda mpira kando ya mstari na bega lake likapangusa bega la mpiga picha kwa bahati mbaya, bila kupata manufaa yoyote, mchezo unaendelea. Akigusa kiti au begi lililo sakafuni nje ya mstari, ametoka.

Kwa mpira mambo ni tofauti. Mpira ukimgusa mtu yeyote aliye nje, uko nje palepale, na anayehesabiwa kuutoa ni mchezaji wa mwisho kuugusa ndani. Kwa sababu hiyo goti la mpiga picha lililo karibu mno linaweza kuinyima timu mpira ambao mchezaji angeruka na kuurudisha ndani kabla haujagusa sakafu.

Dhana: Mrushaji atajibanza tu, mradi mpira uingie.

La. Mwamuzi asimpe mpira mrushaji kabla nafasi haijawa wazi, kwa sababu akishampa, sekunde 5 za kurusha zinaanza kuhesabiwa. Mahali ambapo nafasi ya nje haifiki futi 3, uwanja unatakiwa kuchorwa mstari wa vipande ndani, futi 3 kutoka mpaka, na mstari huo ndio unaokuwa mpaka wakati wa kurusha ndani upande huo hadi mpira uuvuke. Mstari huo uliwekwa kwa ajili ya kumbi finyu. Kumpungia mkono mpiga picha asogee kidogo wakati wa kurusha hakuleti shida. Akirudi palepale mara ya pili, msimamizi aitwe.

Dhana: Fleshi ikimulika wakati wa mtupo huru, mpigaji anapewa mwingine.

Kanuni inayokataza kumvuruga mpigaji imeandikwa dhidi ya wapinzani wake. Mpiga picha si mpinzani, kwa hiyo hakuna mtupo wa pili unaotokana na kanuni hiyo. Kilicho nje ya maandishi ya kanuni huamuliwa na mwamuzi mkuu, lakini usijiingize huko kama unaweza kuzuia mapema. Kabla ya kumpa mpigaji mpira, tupa jicho nyuma ya kikapu. Ukiona fleshi imewashwa, shika mpira, muite msimamizi.

Mashindano mengi ya shule yanakataza fleshi za mkononi. Mpiga picha huiwasha kwa sababu mwanga wa ukumbi ni hafifu, na kuna njia nyingine: lenzi inayofunguka hadi f/2.8, kasi ya kupiga picha ya kati ya 1/500 na 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 3200 hadi 6400. Azime pia ile taa ndogo inayosaidia kamera kulenga, maana inaweza kuwaka hata fleshi ikiwa imezimwa, na kumulika moja kwa moja machoni mwa mpigaji.

Dhana: Dawa ni faulo ya kiufundi kwa timu mwenyeji.

Kanuni inawaruhusu waamuzi kuadhibu timu ambayo wafuasi wake wanaharibu mchezo, na adhabu yake ni mitupo huru miwili pamoja na mpira. Lakini kanuni hiyohiyo inaonya itumike kwa busara, timu isionewe. Mpiga picha wa gazeti la mji si mfuasi wa timu yoyote. Hata mzazi mwenye kamera, kuwapa wapinzani pointi kwa sababu yake ni kuwaadhibu watoto kwa kosa la mtu mzima. Kusimamisha mchezo kunatosha karibu kila mara.

Dhana: Picha yake inaweza kusahihisha uamuzi, au refa anaweza kudai ifutwe.

Yote mawili hapana. NFHS inakataza waamuzi kutumia marudio ya video au skrini kuamua jambo la mchezo, isipokuwa pale chama cha jimbo kinaporuhusu katika hatua ya ubingwa. Anayekuonyesha kamera yake wakati wa mapumziko, usitazame hata kwa udadisi. Kocha wa upande wa pili anakuona. Na hakuna kanuni ya kikapu inayompa mwamuzi haki ya kushika kamera ya mtu au kuamuru picha ifutwe.

Kwa wanaochezesha Afrika Mashariki

Mashindano kama UMISSETA, ya shule za sekondari Tanzania, huchezwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu: uwanja wa mita 28 kwa 15, na vizuizi vyote, hata watu wa benchi walioketi, viwe angalau mita 2 kutoka uwanjani. Mpiga picha naye ni kizuizi. Kwenye viwanja vya nje vya saruji ambako watazamaji husimama hadi kwenye mstari, pima hizo mita 2 kwa hatua kabla ya mchezo, chora alama kwa chaki, na muoneshe mwalimu wa michezo wa shule mwenyeji ili yeye ndiye awarudishe watu nyuma. Mchezo ukisimamishwa kwa sababu yao, andika kwenye ripoti robo, muda uliobaki, upande wa uwanja, na jina la kiongozi uliyemwita. Usiandike uliyodhani mpiga picha alikusudia.