Kabla Mkeka Haujatandikwa: Kufundisha Yoga Bila Kumuumiza Mtu

Wakufunzi wapya wa yoga wanapofika katika idara yetu ya fiziotherapia hapa Kisumu, swali lao la kwanza huwa lile lile: mikao ipi ni ya hatari? Nasi huwarudishia swali: hatari kwa nani? Kijana anayecheza kandanda kila jioni Kondele akiinama hadi kichwa kikawa chini ya moyo, hapati shida yoyote. Mama wa miaka 60 mwenye glakoma akifanya vivyo hivyo, shinikizo huongezeka ndani ya jicho ambalo tayari linaharibika. Kwa hiyo orodha ya mikao mibaya hatuna. Tunayo maswali ya kumuuliza mtu kabla hajavua viatu.

Karatasi moja yatosha. Asiyependa kuandika aulizwe pembeni, si mbele ya wenzake. Ana presha? Kisukari, na kama ndiyo, anadungwa insulini? Kifafa? Ni mjamzito? Amefanyiwa upasuaji hivi karibuni? Macho yake je? Anameza dawa gani? Huku Nyanza na Magharibi ongeza swali moja ambalo fomu zinazochukuliwa kwenye intaneti mara nyingi hazina: una selimundu?

Ugonjwa huu tunao kwa wingi kandokando ya ziwa, kwa sababu ile ile inayotufanya tulale ndani ya chandarua. Selimundu ni kasoro ya kurithi ya chembe nyekundu za damu. Anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mwili wake ukikaukiwa maji, ukichoka kupita kiasi au ukipigwa na baridi ghafla, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake si ya kusimulia. Mtu huyu anaweza kufanya yoga, tena vizuri. Anywe maji kabla, katikati na baada. Apumzike kati ya mkao na mkao, asiburutwe na mwendo wa wenzake. Jasho likikauka avae sweta, hasa Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi huuma. Ule mtindo wa kufunga madirisha na kupasha chumba joto usimhusu kabisa. Sijui hata nani anauhitaji hapa. Kisumu saa nane mchana ni chumba cha joto bila kulipia.

Presha ina hila yake: wengi wanayo na hawajui, maana haiumi. Ndiyo sababu kanuni ya pumzi iwe ya darasa zima, si ya waliojaza fomu tu. Mtu akibana pumzi huku akijikaza, presha hupanda mara moja. Mkufunzi aseme “endelea kupumua” hadi wanafunzi wamchoke. Zile pumzi za haraka za kusukuma tumbo, ziitwazo kapalabhati, wajawazito, wenye presha na wenye kifafa wasizifanye. Mwishoni, wakati watu wamelala chali, usiwaambie wasimame kwa mpigo. Dawa za presha zinaweza kumpa mtu kizunguzungu anapoinuka haraka. Ageukie ubavu, akae, apumue mara kadhaa, ndipo asimame.

Kusimama kwa kichwa sikufundishi katika darasa la watu mchanganyiko. Shingo ina mifupa 7 midogo iliyoumbwa kubeba kichwa, nawe unaipa mwili mzima. Picha zake hupendeza mitandaoni, na hapo ndipo faida yake kubwa ninapoiona.

Wazee wenye mifupa iliyodhoofika, wanawake hasa baada ya kukoma hedhi, wasikunje mgongo ili kugusa vidole vya miguu; pingili za uti zinaweza kubonyea na kuvunjika. Wainamie kiunoni, mgongo ukiwa umenyooka, mikono juu ya kiti. Mjamzito asilalie tumbo, na kuanzia katikati ya ujauzito asikae chali kwa muda mrefu, kwa kuwa tumbo la uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Alale ubavu wa kushoto, leso iliyokunjwa ikiwa kati ya magoti.

Leso hiyo ni kifaa kamili, sawa na vile vinavyouzwa ghali madukani. Kiti nacho kinamfungulia darasa mzee mwenye goti bovu ambaye hawezi kushuka sakafuni. Kiwe cha mbao na miguu yake iguse ukuta. Kiti cha plastiki kwenye vigae huteleza, na miguu yake hupanuka kikielemewa upande mmoja. Mkeka wa ukindu juu ya saruji nao huteleza, kwa hiyo mikao ya kusimama ifanywe pekupeku kwenye saruji yenyewe. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kabla na baada. Kama zimekufa ganzi, anaweza kukanyaga msumari asijue.

Tazama pia mtu ametoka kufanya kazi gani. Mama anayeinama sokoni Kibuye tangu alfajiri akipanga nyanya hana haja ya kuinamishwa tena jioni. Mgongo wake unahitaji kunyooshwa kwa nyuma, polepole. Mwendesha bodaboda amekaa siku nzima na nyonga zimejifunga, anza nazo.

Mikono ya mkufunzi inadhuru kuliko mikao mingi. Usimkandamize mtu mgongoni ili ashuke zaidi. Ukitaka kumgusa, omba ruhusa, na leo uombe upya hata kama jana alikubali. Wapo wasioweza kusema hapana mbele ya mwalimu, basi wape njia ya kimya: atakayeweka jiwe dogo mbele ya mkeka wake haguswi.

Kufumba macho nako kusiwe amri. Nakuru na Kisumu zilipitia machafuko ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, na wapo ambao giza na ukimya huwarudisha huko. Sema, “fumba macho ukipenda, au tazama sakafu.” Utulivu wa akili hauji kwa kuambiwa uache kuwaza. Mtu aelekezwe kwenye kitu kilichopo, kama uzito wa nyayo zake au pumzi inavyopita puani. Mwenye shaka za kidini aelezwe ukweli: yoga ilizaliwa India, ina mizizi katika dini za huko, naye halazimiki kuimba neno lolote ili anyooshe mgongo.

Wafundishe pia kutofautisha maumivu. Msuli kuvutika si neno. Maumivu ya kuchoma au ganzi inayoteremka mguuni ni ishara ya kuacha papo hapo. Ganzi hiyo ikishika sehemu za siri, au mtu akashindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kipimo kigumu ni tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Watu hujitokeza kwa mara ya kwanza, nawe huwezi kumhoji kila mmoja. Siku hiyo panga mikao ya kusimama na ya kiti pekee, vichwa vibaki juu, pumzi zisibanwe. Na kama umechagua nyasi za ufukweni karibu na Dunga, malizeni jua lingali juu: viboko hutoka majini jioni kuja kula nyasi hizo hizo.