Digrii ya uhasibu sio CPA jamani

Wadogo zangu mliomaliza S6 (kidato cha sita), naona wengi mnaambiana ati ukisoma B.Com Makerere au uhasibu pale chuo cha biashara cha MUBS, Nakawa, basi siku ya mahafali unatoka ukiwa CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha kitaaluma, hapana, sivyo kabisa. CPA ya Uganda inatolewa na ICPAU, taasisi ya wahasibu ya Uganda, na mitihani yake unaifanya kando, digrii inaweza tu kukupunguzia pepa kadhaa. So kabla hujalipa ada uliza, hii kozi inanisamehe pepa zipi? Kwangu mimi hilo swali lina uzito kuliko jina la chuo. Na kama nyumbani hela ya yunivasiti haipo usikate tamaa, ICPAU haohao wana diploma inaitwa ATD, ukiifaulu unaingia CPA bila digrii.